Raha ya Kuota Moto na Jamaa

Ziko raha duniani ambazo hazinunuliwi dukani, na moja katika hizo ni kukaa nje wakati wa jioni, kando ya moto, pamoja na watu wa nyumbani kwako. Msomaji aliyelelewa shambani huenda akacheka na kusema kwamba hiyo si habari ya kuandikwa gazetini, kwa kuwa kila mtu ameota moto tangu utoto wake. Ni kweli. Walakini namwuliza swali moja: mara ya mwisho ulipoketi hivyo na wazazi wako, ndugu zako na watoto wako, wote pamoja, ilikuwa lini? Mimi nilipojiuliza nilihesabu miaka, nikaona haya.

Mimi ni karani wa serikali, na kazi yangu iko Nakuru, ambako nimepanga nyumba ya vyumba viwili. Kwetu ni Makueni, katika Ukambani. Mke wangu hupika kwa gesi, na watoto wetu wawili walikuwa hawajapata kuona moto mwingine ila ule wa rangi ya buluu, uwakao kwa kuzungusha kifundo na kuzimika kwa kukizungusha tena. Basi Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, niliomba likizo ya siku kumi nikawapeleka wote kwa baba yangu.

Nisiwafiche wasomaji: nilikwenda kwa moyo mzito. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyebaki nyumbani kuwatunza wazazi wetu, na mimi na yeye tulikuwa hatusemezani. Mwaka 2020 nilitoa fedha za mshahara wangu nikamnunulia baba maksai wawili wa kukokota plau. Mwaka 2023 kaka akamwuza mmoja bila kuniambia. Nilipata habari kwa jirani, nikampigia simu kwa hasira, nikatamka maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Tangu siku ile salamu zetu zilipita kwa mama. Tena, kila ajuaye kilimo anafahamu kwamba maksai mmoja ni kama kiatu kimoja. Baba alikuwa akingojea jirani amalize kulima kwake ndipo aazime wa pili, na mvua za Oktoba hazimngojei mtu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu tulipofika. Jioni ile ile baba aliniita akaniambia, "Washa moto pale nje, penye thome. Nataka wajukuu wangu wapaone."

Kwa ajili ya wasomaji wasio Wakamba, yafaa nieleze neno hilo. Thome ni uwanja uliokuwa nje ya lango la boma, ambapo wanaume wa mji walikutana kila jioni kuota moto. Mzee alikuja na kigoda chake cha miguu mitatu, na vijana wakakaa chini. Chakula kililetwa pale kutoka jikoni. Kesi ndogo zilikatwa pale, mgeni alipokewa pale na kuulizwa habari za njiani, na mvulana alijifunza pale kazi iliyo ngumu kupita zote, yaani kunyamaza wakubwa wanaposema. Wasichana na watoto wadogo walibaki ndani kwa nyanya, karibu na mafiga, na hadithi za sungura na fisi walizipata huko. Nyingi katika hadithi za namna hiyo zilikusanywa na marehemu Profesa John Mbiti, mwenyeji wa Kitui, akazitoa katika kitabu mwaka 1966, na nadhani zisingalifika kitabuni kama kwanza zisingalisimuliwa motoni.

Katika siku za babu yangu moto wa thome haukuwa wa raha peke yake. Babu alizaliwa katika milima ya Mbooni, ambako watu walikuwa wengi na udongo umechoka, naye alikuwa miongoni mwa wale walioteremka kwenda kukaa katika nchi mpya ya Makueni baada ya Vita Kuu ya Pili. Nchi ile ilikuwa msitu wa miiba, wenye mbung'o na wanyama wakali. Mwindaji mmoja Mzungu, J. A. Hunter, aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwaondoa vifaru ili watu wapate mahali pa kulima, na baina ya mwaka 1944 na 1946 aliwaua karibu elfu moja. Leo twasikitika tukisoma hesabu hiyo, kwa maana vifaru wa Kenya nzima wamekuwa wa kulindwa mmoja mmoja. Lakini baba, aliyezaliwa huko mwaka 1951, anakumbuka jinsi babu alivyokuwa akiamka usiku wa manane ili kusukuma gogo motoni, kwa sababu fisi walizunguka zizi mpaka alfajiri. Gogo likizimika, mtu alikuwa hana ukuta.

Hatari hizo zilipokwisha, moto uliendelea kwa mazoea, kisha mazoea nayo yakapungua. Sisi vijana tulikwenda shule za bweni, halafu mjini. Umeme ulifika, na televisheni ikafuata waya. Siku hizi kila mtu ana mwanga wake mdogo katika kiganja cha mkono, na watu sita waweza kukaa chumba kimoja wakiwa katika miji sita. Silaumu, maana mimi mwenyewe ni mmoja wao. Hata siku ile baba aliponiita nilikuwa nikisoma habari za mpira katika simu. Nasema tu kwamba pale penye thome palikuwa pameota majani, na mbuzi alikuwa amefungwa hapo.

Basi nikaenda kuwasha moto. Nilipokuwa shuleni nilikuwa Skauti, na nilijisifu mbele ya watoto wangu kwamba njiti moja itanitosha. Upepo wa Agosti ukazima ya kwanza. Ukazima ya pili. Ya tatu ilishika majani, yakatoa moshi mweupe, yakafa. Laiti Bwana Baden-Powell, aliyeanzisha Skauti mwaka 1907 na kuzikwa Nyeri mwaka 1941, angaliniona, nadhani angaliniomba skafu yake. Nilipofika njiti ya tano, mtoto wa kaka yangu, kijana anayesoma sekondari, alikuja akapiga magoti upande wangu, akasema kwa adabu, "Baba mdogo, niruhusu."

Nikamtazama afanyavyo, na nataka kueleza, kwa kuwa wengine huenda wamesahau kama mimi. Kwanza aliketi akiupa upepo mgongo, mwili wake ukawa ukuta. Akachukua mabua ya mbaazi yaliyobaki baada ya mavuno, ambayo ni membamba na makavu hata yanalia yakivunjwa, akayasimamisha kama paa la nyumba ya msonge, na ndani akatia majani makavu kiasi cha kujaza mikono miwili. Hakuyashindilia, kwa sababu moto hutaka hewa kama mtu atakavyo. Njiti moja ikatosha. Mabua yalipokwisha kushika ndipo alipoleta magogo matatu ya mgunga, marefu, ambayo hayakukatwa vipande, akayalaza yakielekeana vichwa katikati ya moto. Kadiri vichwa vilivyoungua aliyasukuma ndani kidogo kidogo. Kwa njia hii mtu hapotezi nguvu kwa shoka, na moto huwa mdogo au mkubwa apendavyo: akivuta magogo nje hupoa, akiyasukuma ndani huchangamka.

Mgunga hutoa makaa mazuri yakaayo muda mrefu. Kuni za mkaratusi huwaka upesi kwa sauti kubwa. Mnyaa, ule wa kupandwa ua, usiukaribishe motoni hata kidogo, kwa sababu utomvu wake ni adui wa macho, na anayeukata huumia kabla hajauchoma. Pia mtu asilete jiko la kuni au makaa chumbani akafunga milango kwa ajili ya baridi. Watu wamelala hivyo wasiamke tena. Nje, moshi una mbingu nzima ya kwendea. Ni kweli kwamba utamfuata mtu mmoja katika kundi usiku kucha, naye atahama kiti mara nne bila faida. Kwetu alikuwa mke wangu, na mama akamwambia kwamba moshi humpenda mgeni mzuri.

Maana mama alikuwepo. Hapo ndipo thome yetu ilipoachana na ile ya zamani. Baba aliagiza wanawake na watoto wote waje nje, akasema kwamba fisi wamekwisha ondoka, hakuna sababu ya kuota moto miwili. Naona alifanya vyema. Nyanya wa zamani walikuwa na hadithi, na babu wa zamani walikuwa na hukumu, na mtoto alilazimika kuchagua mlango kwa kadiri ya umri wake na kama ni wa kike au wa kiume. Usiku ule binti yangu wa miaka sita alikaa katikati ya vyote viwili, akiwa amefunikwa kwa koti la babu yake.

Chakula kilikuwa kile kile cha siku zote, lakini mtu anayekula kando ya moto hutafuna polepole. Mama alileta sufuria ya mbaazi mbichi zilizochemshwa pamoja na maganda yake, tukawa tunabandua ganda na kula punje, na maganda tukiyatupa motoni. Viazi vitamu vilifukiwa katika majivu ya moto, vikatoka vyeusi kwa nje na ndani rangi ya asali. Binti yangu aliunguza vidole, akalia kidogo, kisha akaomba kingine. Chai ilikuwa na moshi ndani yake. Nimekunywa chai katika hoteli za Nairobi, sikupata ladha ile.

Baada ya kula watoto walianza vitendawili. Vile vya zamani vilikwisha upesi, kwa sababu kila mtu alivijua, ndipo binti yangu akasimama akasema, "Kitendawili!" Tukajibu, "Tega!" Akasema, "Babu mmoja anakula usiku kucha na hashibi." Watu wakataja fisi, wakataja mchwa, na binamu yake mmoja akamtaja jirani fulani, akakemewa. Mtoto alipewa mji, akakataa mji wa Nakuru kwa kuwa anao tayari, akataka Mombasa. Jibu lilikuwa moto. Hakufundishwa na mtu kitendawili hicho. Alikitunga pale alipokaa, kwa kuutazama mgunga ukiliwa.

Nilikuwa nimesoma kabla ya safari ile habari ya mwanachuoni mmoja, Bibi Polly Wiessner wa Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani, nikaikumbuka hapo. Bibi huyo alikaa na Wajuhoansi, watu wa jangwa la Kalahari katika Botswana na Namibia, akaandika mazungumzo yao ya mchana na yale ya usiku, katika miaka ya 1970, kisha akatoa matokeo mwaka 2014. Mchana, katika kila mazungumzo mia, thelathini na manne yalikuwa ya kulalamika na kusengenyana, na thelathini na moja yalikuwa ya mali na chakula. Hadithi zilikuwa sita tu. Lakini usiku, kando ya moto, hadithi zilipanda zikawa themanini na moja katika mia. Watu walikuwa wale wale, na shida zao zilikuwa zile zile. Jua lilikuwa limeshuka tu na moto umewashwa.

Nadhani sababu moja ni kwamba kando ya moto hapana kazi nyingine ya kufanya. Mchana mtu akisema nawe, mkono wake uko katika jembe au kalamu, na maneno yake nayo hufanya kazi: hudai, huagiza, hukataza. Sababu ya pili sikuifahamu mpaka ilipofika zamu ya kaka yangu.

Kaka alikuwa amekaa ng'ambo ya moto tangu mwanzo. Alinipa mkono nilipofika, kwa kuwa wazazi walikuwa wakitutazama, na zaidi ya hapo hatukusema kitu. Sasa watoto wadogo walikuwa wamelala, mmoja juu ya mwingine kama watoto wa mbwa. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, tukadhani amesinzia. Kulikuwa kimya kirefu, lakini hakikuwa kimya kibaya. Nyumbani, watu wawili waliokosana wakikaa kimya, kila mmoja hutafuta njia ya kutoka. Pale motoni mtu hana haja ya kutoka, kwa maana kunyamaza na kutazama makaa ni kazi kamili.

Kaka alichukua kijiti akachokora majivu. Akasema, bila kuinua macho, "Yule maksai."

Hakuna aliyejibu.

"Yule maksai nilimwuza kwa karo. Kijana alirudishwa nyumbani mara mbili muhula ule. Wewe ulikwisha toa nyingi, ukatoa za daktari wa mama, nikaona haya kukuomba tena. Nikajiambia, nitanunua mwingine kabla hujajua."

Yule kijana aliyeniwashia moto alikuwa amekaa karibu yangu. Akatazama vidole vyake vya miguu.

Sasa nikiri. Maneno ya kumjibu kaka nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeyapanga kwa muda mrefu, katika matatu na katika meza yangu ya ofisini, nami niliyajua kwa moyo kama mtoto ajuavyo majira ya saa. Yalianza na "Lakini ungalinieleza," na yalikuwa na haki ndani yake. Kama angalisema habari ile mchana, tukitazamana uso kwa uso, ningaliyatoa yote, naye angaliyajibu yote, na mama angalilia. Lakini hatukuwa tukitazamana. Sote tulikuwa tukitazama mahali pamoja, na uso wake niliuona nusu tu, ukiwaka na kufifia kwa kadiri ya upepo. Ni vigumu sana kumkasirikia nusu uso.

Nikasukuma gogo langu ndani. Nikauliza, "Ulimwuza shilingi ngapi, kaka?"

"Elfu thelathini na nane."

"Walikupunja."

Baba, ambaye tulidhani amelala, akasema pasipo kufungua macho, "Walimpunja sana. Nilimwambia siku ile ile." Mama akaanza kucheka, akajaribu kujizuia kwa sababu ya watoto waliolala, akashindwa, na mke wangu akafuata. Kaka mwenyewe akacheka mwisho. Kisha akaanza kutueleza habari za mnunuzi yule, jinsi alivyomzunguka ng'ombe mara tatu akimtafutia ila, akamwona ana kovu dogo mguuni na kulifanya kuwa ugonjwa, na jinsi alivyohesabu fedha kwa kulowesha kidole ulimini. Alimwiga kutembea kwake. Ilikuwa hadithi nzuri, na ilikuwa imefungiwa ndani miaka yote hiyo kwa sababu aliyepaswa kuisikia alikuwa hapokei simu.

Siku ya tatu mimi na yeye tulikwenda mnadani pamoja. Tulirudi bila ng'ombe, kwa kuwa bei zilikuwa juu, lakini tumepatana kila mmoja atoe nusu baada ya mwisho wa mwezi, na kijana atatusaidia kumfundisha nira kabla ya mvua za Oktoba. Nusu yangu nilikwisha ipeleka. Nilimwomba msamaha pia kwa yale maneno ya simu, njiani, tukiwa tunatembea, ambapo vilevile watu hutazama mbele.

Usiku ule wa kwanza tulikaa mpaka karibu saa sita. Ulipofika wakati wa kulala tuliwabeba watoto mmoja mmoja. Kijana akavuta magogo nje ya moto, akayazima vichwa kwa mchanga, naye baba akayafunika makaa kwa majivu, kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefukia mbegu, ili mama apate mahali pa kuanzia asubuhi. Kisha akalitazama gogo fupi kuliko yote, lililokuwa upande wangu.

"Kesho," akasema, "mkate kubwa zaidi."